Machozi ya Kuazima

Siku ambayo Shamata, mlinzi wa daraja, alikuwa afe au apone, Bi Somoe aliamka akachambua mchele kama afanyavyo kila Jumamosi. Aliupepeta kwenye ungo polepole, akatoa vijiwe kimoja kimoja. Watu wangekuja wengi kuliko siku zote, na hakutaka mtu avunjike jino siku ya majonzi.

"Hodi humu!"

"Karibu, mwanangu." Akainua macho, ungo ukamkaa mapajani. "Ee Mola wangu! Hemedi, nyusi umezipeleka wapi?"

"Shikamoo, Bi Somoe. Nimezinyoa."

"Marahaba. Kinyozi gani anajinyoa nyusi?"

"Shamata si aliunguzwa na majoka sehemu iliyopita? Hana nyusi. Basi na mimi sina." Hemedi alikaa kwenye kigoda, akajipapasa paji la uso kwa fahari. "Wenzetu wa Moshi wamenyoa chama kizima, mpaka kina mama."

"Umekuwa kama yai."

"Nitakuwa yai, Bi Somoe, ilimradi apone."

Bi Somoe alicheka, lakini moyo wake haukucheka naye. Alitazama pembeni mwa chumba, mahali kilipokaa chetezo chini ya khanga safi. Hakikuwa chetezo cha udi. Watu walikiita hivyo kwa umbo lake la kifuniko chenye matundu, na kwa sababu kilitoa ukungu, mwembamba, baridi, usio na harufu. Ukungu ule ukijaa chumba, watu wa hadithi walisimama ndani yake kwa kimo chao halisi, ukaona mpaka viraka vya nguo zao. Hadithi yenyewe iliitwa *Madaraja ya Ukungu*, na ilikuwa ikiendelea tangu Hemedi hajaota ndevu. Aliyeitunga mwanzo alikwisha kufariki. Tangu hapo ilisukwa na mtambo ambao mashabiki waliuita Mfumaji, kana kwamba ni mtu wa mtaani.

Mfumaji hakuwa na mawazo yake mwenyewe. Alisikiliza mioyo ya watazamaji kupitia bangili walizovaa mkononi, akaivuta hadithi kule mioyo ilikoelemea. Ukingoni mwa kila chetezo paliwaka taa mbili ndogo. Nyeupe ilikuwa ya waliotaka Shamata apone. Ya buluu ilikuwa ya wale walioitwa Wazikaji, waliosema kwamba mlinzi wa kweli hufia darajani kwake, na kumwokoa ni kumvunjia heshima.

Hemedi alikifunua chetezo, akainama. "Tazama. Zimelingana kabisa. Unyoya ukidondoka upande mmoja, umeshinda."

"Basi leo tulie sana."

"Tulishalia sana, Bi Somoe. Machozi yetu yamekuwa maji matupu. Mfumaji hahesabu vichwa, anapima uzito. Mtu mmoja mwenye moyo mzito anawazidi mia wenye mioyo myepesi." Alikuna mahali palipokuwa na nyusi. "Nimemfikiria Asumini."

Mkono wa Bi Somoe ulisimama ndani ya mchele.

"Asumini yuko eda, Hemedi. Mume wake hajamaliza hata arobaini."

"Ndiyo maana. Hatoki, sawa, basi twende sisi. Tupeleke chetezo kwake, avae bangili tu. Bangili haijui mtu anamlilia nani. Inasoma mshipa, pumzi, jasho la ngozi. Ikikuta kilio, inakipeleka." Sauti yake ilishuka. "Si kwa ubaya. Mimi nampenda Asumini kama dada yangu. Lakini Shamata akifa leo, daraja linafungwa na hadithi imekoma. Unajua?"

Bi Somoe alijua. Alikuwa amelijua hilo usiku na mchana. Mumewe alipofariki, na watoto wakatawanyika Dodoma na Mtwara kutafuta maisha, nyumba ilibaki kimya hata saa ya ukutani ilimkera. Jirani mmoja ndiye aliyemvalisha bangili kwa mara ya kwanza. Siku hiyo, ndani ya ukungu, kikongwe mwenye mzigo wa kuni alifika darajani hana cha kulipa, na Shamata akainua taa yake akasema, "Vuka, mama. Taa ninayo." Bi Somoe, aliyefanya kazi ya kusuka kamba za mkonge mpaka vidole vikapinda, alilia kama mtoto. Akawakaribisha wenzake waje kutazama kwake kwa sababu sebule yake ilikuwa pana, na tangu siku hiyo kila Jumamosi nyumba ilijaa viatu mlangoni. Shamata akienda, na viatu vitakwenda.

"Nitakwenda kumwuliza," alisema mwishowe. "Mimi, si wewe. Na akikataa, amekataa."

*

Nyumba ya Asumini haikuwa mbali, lakini Bi Somoe aliuona mwendo ule mrefu. Kwenye kikapu alibeba bangili ya ziada iliyofungwa kwenye leso, na juu yake maandazi, ili kikapu kisionekane kimebeba bangili peke yake.

Alikuwa amefika pale mara moja tu tangu msiba, akiwa na kilo ya sukari, akakaa kidogo akaondoka. Aliona haya. Msiba ulikuwa umetokea katika wiki ya kufunga, na wiki ya kufunga ilikuwa na sheria zake. Kila sehemu kubwa ilipokaribia, wanachama walijifungia nyumbani kwa Bi Somoe, simu zikazimwa zikawekwa kapuni, redio ikafunikwa, ili asije mtu akawaambia kitakachotokea kabla hawajakiona. Mwaka uliopita Wazikaji walikuja dirishani wakapaza sauti kwamba punda wa Shamata atakufa, na utamu wote ukaharibika. Ndiyo ikawekwa sheria ya kuimba. Mtu akibisha hodi wakati wa kufunga, wote waimbe wimbo wa daraja kwa nguvu mpaka achoke aende zake. Safari hii hawakufunga, maana taa zililingana na hapakuwa na aliyejua mwisho wa kuwaharibia.

Mlangoni kwa Asumini viatu vya Jumbe, marehemu mumewe, bado vilikuwa vimepangwa. Mtu alikuwa amevipiga rangi vikang'aa. Bi Somoe hakujua ni nani, ila alimwombea dua huyo mtu.

"Karibu, Bi Somoe. Kaa hapa, pana kivuli." Asumini alikuwa amevaa nyeupe, uso umepungua. Alikuwa mshonaji wa chama, na hata sasa cherehani ilikuwa imefunuliwa. Alimimina chai, akakiangalia kikombe, akakirudisha, akatafuta kingine kisicho na ufa.

"Mwanangu, umelala?"

"Nalala kidogo. Naamka nadhani amekwenda kutengeneza majokofu ya watu, atarudi." Alikaa. "Umekuja kwa ajili ya Shamata."

Bi Somoe aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. "Nani kakwambia?"

"Leo Jumamosi. Na kikapu chako kinawaka."

Kweli, taa ndogo ya bangili ilikuwa ikipenya kwenye leso na kwenye maandazi. Wote wawili wakajikuta wanacheka, kicheko kifupi.

Bi Somoe alimweleza bila kuzungukazunguka. Alimweleza wazo la Hemedi, na taa mbili zilizolingana. Alisema pia kwamba hakuna atakayemlaumu akikataa.

"Nipe," alisema Asumini.

"Fikiri kwanza, mwanangu."

"Nimefikiri. Joho la Shamata lenye viraka si mimi niliyewashoneeni wote? Hata mimi nampenda. Na haya machozi yangu yanamwagika bure humu ndani. Yakimwokoa mtu, hata awe mtu wa moshi, yatakuwa yamefanya kazi." Alipokea bangili lakini hakuivaa. Aliigeuzageuza. "Ila nitakuuliza kitu, usikasirike."

"Uliza."

"Punda wa Shamata alipokufa tulikaa matanga."

"Tulikaa."

"Tulipika pilau. Mlima wa pilau, kwa ajili ya punda. Jumbe wangu ndiye aliyebeba masufuria, na hadithi yenyewe wala haijui, kila Jumamosi anasinzia pale ukutani." Aliiweka bangili mapajani. "Alipokufa yeye, nilimtuma jirani yangu Bi Mwanaisha aje kwenu. Alibisha hodi mpaka mkono ukamwuma. Mkaimba."

Bi Somoe aliikumbuka hodi ile. Alikumbuka jinsi alivyodhani ni Wazikaji, na jinsi alivyochukua sinia na mwiko akapiga mwenyewe, tena kwa furaha, ili wimbo uzidi. Walipofungua mlango baada ya siku zile, matanga yalikuwa yamekwisha kuanuliwa. Yeye alijua tu kwamba habari haikuwafikia. Hakuna aliyemwambia kwamba habari ilifika mpaka mlangoni kwake.

"Sikujua kwamba ni yeye," alisema polepole.

"Najua hukujua. Hata mimi ningekuwa ndani, ningeimba." Asumini alimshika mkono, yeye aliyefiwa akimfariji yule mzee. "Nenda uwaite, Bi Somoe. Muda unakwenda."

*

Alasiri wanachama walifika kwa Asumini. Wanawake walikaa mkekani karibu na Asumini, wanaume upande wa pili wa ua, wote wakiwa na majoho yenye viraka aliyowashonea yeye. Hemedi aliweka chetezo katikati, akapuliza vumbi kwenye matundu.

"Vuka," aliwasalimu, kwa desturi yao.

"Taa unayo?" wakaitika.

"Ninayo."

Aliwasha. Ukungu ulitoka taratibu, ukatambaa kwenye sakafu ya ua, ukawafunika magoti. Daraja la kamba likaonekana, na chini yake korongo lisilo na mwisho. Watu wa Ukunguni walikuwa wakikimbia majoka, wazee kwa watoto, wakivuka mmoja mmoja. Na kule mwisho alisimama Shamata, nyusi zimeungua, joho limepasuka, taa iko juu. Kamba za daraja zilikuwa zinakatika. Asiporuka sasa, angeanguka na daraja.

Asumini alivaa bangili. Bi Somoe aliona ikimbana mkononi kwa upole, kama mganga anayeshika mshipa. Hazikupita pumzi nyingi, taa nyeupe ya chetezo ikaongezeka mwanga. Ua mzima uliguna.

"Alhamdulillahi," alinong'ona Hemedi. "Inapanda. Endelea, dada yangu, endelea vivyo hivyo. Mfikirie, mfikirie tu."

"Nimfikirie nani?" aliuliza Asumini, macho yake mbele.

Hemedi aliikazia macho taa nyeupe. "Yeyote," alisema mwishowe.

Bi Somoe aligeuka amtazame Shamata, naye hakumwona vizuri. Alikuwa amesimama upande wake wa kushoto, kivuli tu, kama mtu aliye nyuma ya pazia. Alisubiri. Alisubiri kwa mazoea, bila kujua anasubiri nini, mpaka alipojua.

Jicho lake la kushoto lilikuwa limeanza kufifia tangu masika mbili zilizopita. Hakumwambia mtu. Lakini kila Jumamosi, kabla ya kwenda kusinzia ukutani, Jumbe alikuwa akikigusa chetezo kwa mguu, akakigeuza kidogo, na Shamata akahamia upande wa kulia. Hakuwahi kusema kitu. Bi Somoe alikuwa akidhani ndivyo chombo kinavyokaa.

Leo hakuna aliyekigeuza.

Alimtazama Asumini. Machozi yalikuwa yakimteremka kimya kimya, na kila lilipodondoka moja, taa nyeupe ilipanda, na watu wakaishangilia taa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akimtazama yeye.

Bi Somoe aliivua bangili yake akaiweka kwenye sinia la maandazi. Akainuka, akaenda akapiga magoti mbele ya Asumini, viungo vikamlia.

"Mwanangu, unaniruhusu?"

"Nini, Bi Somoe?"

"Niivue. Si kwamba machozi yako si mali yako, ukitaka kumpa Shamata mpe, nitakuvalisha tena kwa mkono wangu. Lakini sisi tumekuja kuyachukua kabla hatujaja kuhani msiba wako. Nataka kwanza tuhani."

"Bibi!" Hemedi aliruka. "Dakika hizi ndizo zake! Kamba inakatika ile!"

"Naiona."

"Tukitoa sasa tumemwua sisi! Dunia nzima inatutazama, wenzetu wa Moshi wameshinda na njaa kwa ajili yake!"

"Hemedi, mwanangu." Sauti yake haikupanda. "Shamata analiliwa na dunia nzima. Jumbe ana sisi tu. Nani alikuwa akikubebea jenereta mpaka kwenye kibanda chako cha kunyolea umeme ukikatika?"

Hemedi alibaki amesimama ndani ya ukungu. Uso wake usio na nyusi haukuweza kuficha kitu. Alimtazama Shamata, akamtazama Asumini, kisha akaangalia ukuta wa ua, pale ambapo mtu anayependa kusinzia angeweza kuegemea.

"Jumbe," alisema. "Na malipo alikuwa hataki."

Asumini alinyoosha mkono wake kwa Bi Somoe. Bi Somoe aliifungua bangili, na pale ilipokuwa imebana alipapapasa kwa kidole gumba.

Kisha mmoja mmoja wakavua. Sinia lilijaa bangili. Taa nyeupe ikashuka, ikafifia, na hakuna aliyeitazama. Hemedi, ambaye utotoni alisoma chuoni kwa marehemu babu yake, alikaa chini, akafunika kichwa kwa joho la Shamata akasoma Fatiha kwa ajili ya Jumbe. Katikati sauti ikamkatika. Alilia kwa kwikwi, mabega yakimpanda na kushuka, na wenzake wakalia naye. Kilikuwa kilio kizito kuliko vyote vilivyowahi kutoka katika chama kile, na hakuna bangili iliyokisikia.

Asumini aliwasimulia Jumbe alivyoondoka. Ilikuwa homa ya ghafla. Asubuhi aliomba uji, akausifu, akasema atalala kidogo kisha aende akamtengenezee mtu jokofu. Alisimulia na vichekesho vyake, jinsi alivyokuwa akimwita Shamata "yule bwana wako wa moshi," na watu wakacheka huku wanapangusa macho.

Nyuma yao sauti waliyoizoea ilisema, "Vuka. Taa ninayo." Wachache waligeuka. Mtoto wa mwisho wa Ukunguni alikuwa amekanyaga ng'ambo. Walipotazama tena baadaye, ukungu ulikuwa umelala chini. Daraja halikuwepo. Ukingoni palibaki taa, imewekwa chini kwa uangalifu, bado inawaka.

*

Wiki ile maneno yalikuwa mengi. Wa Moshi walituma salamu za matusi kwamba wenzao wa Tanga ndio waliomwua Shamata. Wazikaji wakatuma za pongezi, ambazo zilimwudhi Hemedi kuliko matusi. Aliwajibu wote neno moja, kwamba walikuwa msibani.

Bi Somoe naye alimlilia Shamata, peke yake, akimenya vitunguu, na hakuona haya. Alimkosa kama anavyokoswa mgeni aliyekuja kila Jumamosi bila kukosa. Kama angesimama tena pale mkekani angefanya vilevile, lakini hilo halikuyazuia machozi.

Jumamosi ilipofika alichambua mchele kidogo, wa mtu mmoja. Alikitazama chetezo. Taa zote mbili zilikuwa zimezimika. Akakifunika kwa khanga yake, akakaa, na saa ya ukutani ikaanza kumkera kama zamani.

Mlango ukabishwa.

Bi Somoe hakuuliza ni nani. Aliinuka haraka kuliko umri wake, kiatu kimoja kikimtoka njiani, akafungua wazi kabisa.

Alikuwa Hemedi, mikono yote miwili imebeba sufuria kubwa, na juu ya macho yake nyusi mpya zimeanza kuota, fupi fupi kama za kitoto. Nyuma yake walikuwa wenzake wote, mmoja na gunia la mkaa, mwingine na kuku wawili wanaopiga kelele.

"Kesho ni arobaini ya Jumbe," alisema Hemedi. "Tumekuja kuuliza, huo mchele wa pilau unaupimaje?"

Bi Somoe alivitazama viatu vyao, vilivyojaa kizingitini.

"Ingieni," alisema. "Nitawaonyesha."